Pumzi ya Kusalimia

Endamarariek,
Karatu.
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Inosenti,

Tumsifu Yesu Kristo. Hamjambo hapo nyumbani? Shemeji Eva mgongo unaendeleaje? Watoto wanakwenda shule? Joto la Mpanda bado linawachemsha? Huku tunatetemeka. Ukungu unashuka mpaka mlangoni. Asubuhi ng'ombe wanaonekana miguu tu.

Sisi wazima. Mimi mzima kwa kiasi. Nitakueleza.

Najua utashangaa kupata barua. Simu nimejaribu. Nikiongea na simu pumzi inaisha kabla ya salio. Na wewe ukisikia nakohoa unaanza kelele, "Kaka! Kaka! Upo?" Nipo. Kwa hiyo nimenunua daftari. Naandika kidogo, napumzika, naandika tena. Mwandiko ni wa darasa la nne, uvumilie.

Mahindi tumevuna. Si mabaya. Mbaazi bado ziko shambani. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Bati la jikoni lililong'oka na upepo Tluway amelipigilia, ila amelipigilia kama mpishi, linavuja pembeni.

Sasa habari ya mwanangu Tluway mwenyewe. Unaijua nusu. Anataka kumwoa Nashipai, binti wa mzee Sairowua, Mmasai wa Soitsambu. Wanafanya kazi loji moja hapo Karatu mjini, Tluway jikoni, binti mapokezi. Binti ni mzuri. Namaanisha ana heshima na hachoki. Alikuja hapa akakuta vyombo vichafu, hakuuliza, akaosha.

Tluway alikwenda Soitsambu mwezi wa nne kujitambulisha. Gari linaishia kwenye korongo. Kutoka pale ni mlima mpaka kwenye boma. Yeye alipanda kwa dakika ishirini, na ana miaka ishirini na sita. Mzee Sairowua alimpokea vizuri. Akasema baba aje na asali, awasalimie wazee mmoja mmoja, halafu aseme ombi lake amesimama. Akasema asali inaweza kubebwa na mtu yeyote, ila maneno ya baba yaje na mdomo wa baba.

Tluway akamwambia baba ni mgonjwa wa kifua. Mzee akasema basi baba mdogo aje, hatakataa. Lakini aliuliza mara mbili, "Baba yako hawezi, au hataki?"

Hilo ndilo lililonichoma. Unakumbuka kovu la babu kwenye paja? Mkuki wa Wamasai, enzi za kuibiana ng'ombe. Babu alikuwa anatuonyesha kila Krismasi. Sitaki mzee wa watu akae pale juu akisema Wilibrodi bado anakumbuka kovu la babu yake ndiyo maana amemtuma mdogo wake. Na yule binti aingie kwangu akijua baba yake ana shaka.

Wewe ulimpigia Tluway mwezi wa tano. Ukamwambia, "Baba yako mwache apumzike, nitasimama mimi." Aliniambia. Nilinyamaza. Ukadhani nimekubali. Ukweli nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ulikuwa unasema kweli. Wakati ule nilikuwa siwezi kutoka kitandani mpaka chooni bila kushika ukuta.

Nieleze ugonjwa, maana hujawahi kuuelewa. Si TB. Walipima makohozi, wakanipiga na picha. Ni mapafu yamechakaa. Miaka thelathini ya matofali, Inosenti. Kukanyaga udongo na kushika kalibu hakukuniua. Kilichoniua ni tanuru. Siku tatu usiku na mchana unachochea, moshi unaingia puani, unatoka umekuwa wako. Na nyumbani jiko la kuni ndani. Marehemu mama Tluway alikuwa anakohoa upande wake, mimi wangu, tunacheka nani ameshinda.

Nilipoacha kazi kila mtu aliniambia pumzika. Nikapumzika. Nikishika jembe, jirani ananinyang'anya. Nikiinua ndoo, mtu anakimbia, "Mzee acha, utakufa!" Huruma yao ni mbaya kuliko tanuru. Nilikaa kwenye kigoda miezi kumi na moja. Nilipotaka kusimama miguu ikawa kama ya ndama aliyezaliwa jana.

Mwezi wa tano huohuo, baada ya simu yako, nilikwenda kwa nesi mmoja anaitwa Hasna. Ni binti mfupi, mkali, anavaa ushungi, anaongea kama anagombana. Nikamwambia nataka dawa ya kupanda mlima. Akacheka. Halafu akaona sicheki.

Akasema, "Mzee, mapafu yako yameungua na moshi. Hayatarudi kuwa mapya, nisikudanganye. Lakini miguu yako haikuungua. Kwa nini umeikalisha?"

Nikamwambia basi anifundishe.

Akanifundisha. Pampu ya kuvuta, mikupuo miwili kabla ya kutoka. Pumzi iingie kwa pua, itoke kwa mdomo uliobanwa, polepole, kama unapoza uji wa mtoto. Nikae kwenye kiti, nisimame bila kushika, nikae, mara tano asubuhi, mara tano jioni. Nishike kitu kizito kidogo kila mkono, ninyanyue. Nikachukua matofali mawili. Mimi niliyekuwa nabeba manane begani napanda nayo ngazi, sasa moja kila mkono na jasho linatoka. Nilitukana siku ya kwanza. Tofali halikujibu.

Halafu akasema tembea. Akasema, "Ukichoka simama. Uheme kidogo, lakini uwe unaweza kuongea. Ukishindwa kuongea umezidisha mwendo." Nilishika hilo la kutembea. La kuongea nililiacha mlangoni kwake.

Unajua kwetu mtu hapiti hivihivi. Mkikutana mnasimama. Habari za nyumbani, za watoto, ng'ombe wameshiba, mvua huko kwenu, yule mgonjwa anaendeleaje. Ukipita kimya umetukana. Sasa mimi nikijibu la pili kifua kinaanza kupiga filimbi. Mtu ananiangalia kama mazishi yanatembea. Nikaona aibu. Nikawa nanyoosha mkono tu, napita.

Siku ya pili nilipita hivyo mbele ya duka la Mwanamwema. Si unamkumbuka, yule mama mwenye duka la barabarani, mume wake aliuza mataa. Akatoka mpaka nje. Akapaza sauti watu wote wasikie, "Wilibrodi! Umekuwa tajiri siku hizi? Unanipita kama gari la watalii! Ungetupigia hata honi!"

Watu wakacheka. Mimi nikaongeza mwendo ili nisijibu. Nilifika nyumbani macho yanaona giza.

Basi nikafanya ujinga. Nikaacha barabara. Nikawa naamka kabla ya watu, napita njia ya korongoni, hakuna mtu, hakuna salamu. Ukungu mzito, baridi kama maji ya kisima. Natembea haraka nimalize kabla hawajaamka. Pampu naiacha dirishani, naitunza isiishe. Yote aliyosema Hasna nimeyageuza.

Siku ya nne nilianguka. Si kuanguka kwa kujikwaa. Miguu ilijikunja yenyewe. Nikakaa kwenye mchanga wa korongo, pumzi inaingia robo, haitoki. Nikawaza, hapa nitaokotwa saa ngapi. Nikawaza na wewe ukipanda ule mlima na asali, mzee anauliza mara ya tatu.

Alikuja Moloimet. Ni mzee wa Kimasai, analinda stoo ya mbao, asubuhi anarudi kulala. Akanikuta. Akasimama na fimbo yake, akasema, "Supai."

Kwao ukiambiwa supai unajibu epa. Hata mimi najua. Sikuweza.

Akasema tena, "Supai." Nikanyoosha mkono. Akautazama ule mkono kama kitu nimeokota. Halafu akavua shuka lake akanifunika mgongoni, akakaa chini karibu yangu. Hakunivuta. Hakupiga kelele. Alikaa tu anatazama mbele. Mimi nikakumbuka uji wa mtoto. Nikapoza, nikapoza. Ukungu ukaanza kupanda. Tulikaa muda mrefu sana.

Mwisho nikasema, "Epa."

Akasema, "Sasa unaweza kuinuka."

Tulirudi polepole. Kila hatua kumi anasema supai. Nikijibu tunaendelea. Nisipojibu tunasimama. Hakuna aliyemfundisha. Ndivyo alivyoona yeye.

Nilikwenda kwa Hasna, nikamwambia nusu. Akaniambia sema yote. Nikasema yote. Aligomba. Akasema ukungu wa alfajiri ndio adui yangu, nitoke saa tatu jua likishika. Akasema pampu haitunzwi kama mbegu. Halafu akacheka mwenyewe. "Kwa hiyo kipimo chako kipo barabarani, kinakusalimia kila siku, na wewe unakikimbia?"

Inosenti, hapo ndipo nilielewa. Salamu ndiyo kipimo. Nikiweza kujibu zote, mwendo wangu ni sawa. Nikikata katikati, nimezidisha, nikae. Na mtu akinisimamisha kwa salamu ndefu, kumbe ananipumzisha.

Nikarudi barabarani. Sikufika mbali. Siku ya kwanza nilisimama mara sita kabla ya duka la Mwanamwema, na unajua ni karibu, unaweza kurusha jiwe mara mbili ukafika. Aliniona. Akasema, "Ah! Tajiri umefilisika, umerudi kutusalimia?"

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia kwa vipande, neno, pumzi, neno. Kwamba sikuwa na kiburi, nilikuwa sina pumzi ya kumsalimia. Alinyamaza. Mwanamwema kunyamaza, andika tarehe. Halafu akaingia ndani akatoa benchi, akaliweka kivulini. Akasema, "Kaa. Sasa nianze upya. Shikamoo hupati, tumelingana. Habari za nyumbani?"

Nikajibu.

"Habari za Tluway?"

Nikajibu.

"Ng'ombe? Mbaazi? Yule mdogo wako wa Mpanda mwenye kelele?"

Nikajibu zote. Zilichukua muda wa kuchemsha chai. Lile benchi hajaliondoa mpaka leo. Na kumbe aliwaambia watu wa barabara nzima wanisalimie polepole, wasinirundikie maswali, wangoje jibu. Sikujua mpaka mama mmoja wa kanisani aliponisalimia taratibu kama anaongea na kiziwi.

Wiki ya pili dukani nilifika kwa kusimama mara tatu. Wiki ya nne mara moja. Mwezi wa saba nilifika kanisani kwa miguu. Padri aliponiona alidhani nimeletwa na pikipiki. Miguu imerudi. Paja limekuwa paja. Kukaa na kusimama sasa ni mara kumi na tano, na matofali bado ni mawili lakini yamekuwa mepesi. Au mimi nimekuwa mtu.

Nisikudanganye kwamba ni kupanda tu. Mwezi huohuo wa saba nilipata mafua. Kwako mafua ni leso. Kwangu ni siku tisa kitandani, Tluway analala ameketi ananisikiliza. Nilipoamka nikarudi nyuma kabisa, dukani nafika kwa kusimama mara tano. Nililia pale kwenye benchi. Usimwambie Eva. Mwanamwema aliniletea chai, akasema, "Lia, ukimaliza unisalimie." Nikamaliza, nikamsalimia.

Moloimet jioni anapita kwangu kabla ya zamu. Ananifundisha salamu za kwao, maana za wazee ni ndefu. Za ng'ombe, za watoto, za mvua, za njiani. Ananifundisha natembea, si nimekaa. Tunazunguka zizi. Nikikosea anacheka mpaka anashika fimbo. Anasema Kimasai changu kina udongo ndani. Nimemwambia avumilie, nimekula udongo miaka thelathini.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Juzi Ijumaa nilipanda kwa mama Tluway. Unajua tulimzika shamba la juu, kwenye kilima. Tangu tumzike nilikwenda mara moja. Mwaka juzi nilijaribu tena nikaishia kwenye mkonge, nikarudi, sikumwambia mtu. Moloimet alikwenda kukiangalia kile kilima. Anatoka Soitsambu upande ule, anaujua mlima wa Sairowua. Akasema hivi viwili ni ndugu, cha kwetu ndicho kaka mkubwa.

Nilisubiri ukungu uondoke. Nikavuta mikupuo miwili. Tluway alikuwa nyuma na kigoda, Moloimet pembeni. Nilipanda kama kinyonga. Kwenye mkonge nilikaa. Kwenye jiwe jeupe nilikaa. Karibu na juu Moloimet akasema supai, nikakosa kujibu, nikakaa tena. Tluway akataka kunishika mkono. Nikamtazama. Akarudisha mkono.

Tulitumia saa nzima na kidogo. Tluway alipima na simu.

Nilifika, Inosenti. Nikasimama kwenye kaburi. Majani yameota, msalaba umeegemea kidogo, tutaunyoosha ukija. Nikavua kofia. Nikamsalimia mama Tluway. Nikamwambia habari za nyumbani, za ng'ombe mwekundu, za mbaazi, za bati linalovuja. Nikamwambia kuna binti anaitwa Nashipai, anaosha vyombo bila kuambiwa. Nilisema yote nimesimama. Sikukata katikati. Tluway alikuwa amegeuka anaangalia bonde, sijui anaangalia nini, bonde ni lilelile.

Kwa hiyo safari ya Soitsambu ni Jumamosi tarehe 6 Septemba. Nitakwenda mwenyewe. Hasna ameruhusu. Amesema nichukue pampu mbili, tulale Loliondo siku ya kabla ili nisipande nimechoka na gari, na tupande jua likiwa limeshika. Kwenye gari vioo vifungwe, lile vumbi ni la kuzimu.

Na kama siku ile kifua kikikataa, nitakaa kule gari linapoishia na wewe utapanda. Hilo nimelikubali, nimemwahidi Hasna. Mambo ya njia ya korongoni hayatarudi. Na ukipanda peke yako, mwambie mzee nipo pale chini, aangalie ataniona. Nilitaka, ila pumzi imekataa. Akijua hilo inatosha.

Lakini sidhani itafika huko. Omba likizo ile ile uliyopanga. Njoo mapema wiki moja, upandishe hicho kitambi kwenye kilima cha kwetu na mimi, maana nakujua, utakwama kwenye mkonge. Ila usije kusimama badala yangu. Maneno nitasema mimi. Wewe njoo ubebe asali. Ni nzito, lita ishirini, na mkono wangu bado ni wa tofali moja.

Na tukiwa tunapanda usinihurumie na usinisukume. Tembea nyuma yangu. Kila nikikaa, kaa. Ukitaka kujua kama mimi ni mzima, usipige kelele kaka kaka. Sema supai, halafu ungoje.

Nisalimie shemeji Eva, mwambie akae, asimame, akae, na yeye kama mimi, labda mgongo utasikia. Wasalimie watoto wote, na yule mdogo ambaye sijamwona, mwambie baba yake mkubwa anajua Kimasai sasa. Tluway anawasalimu. Nashipai anawasalimu, amenikuta naandika akauliza kama ni kwako. Mwanamwema anasema umletee mchele wa huko, na uje dukani umsalimie kabla hujafika hapa, usimpite.

Mungu awalinde hapo, awape mvua na usingizi, na akufikishe kwetu salama.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata ukinipigia kelele,

Wilibrodi